Vumbi la Katuba

Agosti inaishia. Mvua bado haijakumbuka njia.
Nimeamka kabla ya kengele ya misa ya kwanza
kwa sababu bomba hutoa maji saa kumi na moja
na saa moja yameshakata.
Bidoni sita ukutani. Mbili za jikoni,
moja ya kumwogesha Masengo,
tatu zako wewe, gari langu,
Toyota ya mtumba, usukani upande usio wake.

Ya kwanza nakumwagia bila kukugusa.
Mchanga mkavu ukiusugua, unachora:
ule mlango wa kushoto bado una mistari,
kazi ya kijana wa kituo cha petroli
aliyekufuta kwa fulana yake, macho kwenye simu.

Maji yanashuka mekundu. Nayasoma.
Wekundu huu wa tofali ni wa hapa hapa, avenyu yetu.
Huu mzito, unaonata nyuma ya tairi, ni wa Kasumbalesa,
tulipofuata unga
tukarudi na unga nusu na ushuru mzima.
Na huu wa kijivu, unaometa ukiusaga vidoleni,
ni wa malori ya madini.
Wanaosema shaba haijawahi kutufikia mlangoni
hawajawahi kuosha gari.

Kaseba, jirani, kichwa juu ya ukuta, mswaki mdomoni:
"Mama Masengo! Vijana wa mtoni wanaosha kwa elfu tano tu.
Jumapili nzima umepigia tairi magoti?"
Nami nina mswaki, nikamwonyesha,
wa zamani, nywele zimelala,
nautia kwenye matundu ya hewa, unatoka na manyoya ya vumbi.
"Kila mtu na meno yake, baba."

Halafu mkanda.
Hakuna anayeuvuta mpaka mwisho.
Siku zote ni kile kipande kimoja, urefu wa kifua.
Leo nimeuvuta, ukatoka, ukatoka,
nikafika mahali pasipowahi kuona jua,
peusi, pasafi, kama siku uliposhonwa.
Kile kipande changu kiligeuza maji ya karai
yakawa chai ya rangi.
Miaka minne ya zamu za usiku. Nilisimama nikayatazama
kabla ya kuyamwaga kwenye mchicha.

Chini ya kiti: kalamu bila wino, karanga zilizogeuka kokoto,
kiatu kimoja cha mdoli,
na sarafu yenye tundu katikati.
Maandishi yake siyajui.
Mtu fulani, ng'ambo ya dunia, alikaa kwenye kiti hiki
na mfuko wake ukatoboka.
Huyo naye alikuwa akikuosha.
Nilikununua kwa picha; ukafika kwa njia ya Tunduma
na vumbi la wiki mbili,
lakini kwenye bawaba za milango,
mahali ambapo hata mnunuzi hatazami,
palikuwa pamepakwa grisi, kwa kidole, bila haraka.
Mwanamume au mwanamke, sijui.
Namjua kwa bawaba.

Masengo nilimpa tairi.
Moja ameisugua mpaka ikang'aa, tatu akazisahau;
ameitia sarafu uzi, ameivaa shingoni,
anamwonyesha kuku.

Saa nne. Bidoni ya tatu imebaki kikombe.
Nafuta kioo kwa gazeti la mwaka jana,
kurasa za mitihani ya serikali, majina ya waliofaulu.

Kisha lori, barabara ya juu. Nalijua kabla sijaliona.
Vumbi linainuka, linasita hewani
kama mgeni asiyejua aketi wapi,
linachagua boneti.

Kaseba anacheka mpaka anakohoa.
Mimi sishuki.
Niko ndani, vioo vimepandishwa,
harufu ya sabuni ya unga na ndimu,
mkanda haujakauka vizuri, baridi begani.
Siendi popote. Petroli iliyopo ni ya kesho, ya kazini.
Naufunga tu.